Taa ya eabegi imewaka: pima kwanza, bei baadaye

Mwenye gari akija gereji na taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali, inawaka, swali lake la kwanza huwa ni bei. Namwelewa kabisa. Lakini kabla gari halijapimwa sina jibu la kumpa, na fundi anayekutajia bei kwa kuangalia dashibodi tu anabahatisha kwa pesa yako. Taa hiyohiyo inaweza kuwashwa na soketi iliyolegea chini ya kiti, kazi ya dakika chache, au na kompyuta ya eabegi iliyoingia maji, ambayo kwa gari la zamani inaweza kukufanya ufikirie kuliuza. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ukifungua swichi, taa yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, au herufi SRS, yaani mfumo wa eabegi, huwaka kwa sekunde kadhaa kisha huzimika. Katika muda huo kompyuta ya eabegi, ambayo kwenye magari mengi hufungwa sakafuni katikati, jirani na gia, inakagua kila njia ya umeme iliyo chini yake: eabegi zenyewe, sensa za mgongano, na vile vikazio vinavyovuta mkanda wakati wa ajali. Kiwashio cha eabegi kina ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, mdogo sana, kwa kawaida omu (kipimo cha ukinzani) 2 hadi 3 hivi. Kutu kidogo ikiingia kwenye pini ya soketi, ukinzani ukapanda kidogo tu, kompyuta inaandika msimbo wa hitilafu na kuwasha taa. Wengine hulalamika kwamba mfumo huu ni mwoga mno. Acha uwe mwoga. Siku ya ajali eabegi ya mbele ina takriban milisekunde 30 za kujaa, na hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Taa ikibaki inawaka, chukulia kwamba eabegi hazitafunguka. Kwenye magari mengi kompyuta huzima mfumo wote au sehemu yake ikigundua hitilafu, pamoja na vikazio vya mikanda. Mkanda wenyewe bado unakushika, kwa hiyo uvae kila safari. Kwa kuwa injini haikohoi na gari linakwenda kama kawaida, watu hukaa na taa hiyo hata miaka. Hilo linaniumiza, kwa sababu mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo.

Kwenye kupima kuna mtego. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyochomekwa chini ya usukani, vingi husoma injini peke yake. Mwenye gari anaambiwa "halina shida" huku taa inamwangalia. Dai mashine inayoingia kwenye kompyuta ya SRS. Humo utakuta misimbo inayoanza na herufi B, mathalani B0001, unaohusu njia ya kufyatua eabegi ya mbele ya dereva, hatua ya kwanza. Sasa sikiliza vizuri: msimbo unataja njia, hautaji kipuri. Kwenye njia hiyo moja kuna eabegi, kuna utepe wa usukani, kuna soketi mbili tatu, kuna waya, na mwisho kuna kompyuta. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi anasoma "eabegi ya dereva", anaagiza eabegi nzima, anaifunga, na taa inarudi palepale.

Mara nyingi mkosaji ni huo utepe. Fungua usukani, nyuma yake utakuta kisahani cha plastiki. Ndani yake mna utepe mwembamba wenye nyaya, umezungushwa raundi kadhaa, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi, honi na vitufe vya redio. Ukichakaa, honi hulia ukiwa umenyoosha na kukataa ukikata kona, au taa huanza kumweka wakati wa kugeuza gari. Ukiona honi na taa ya eabegi zimegoma pamoja, anzia hapo. Na ukiona taa imewaka siku chache baada ya kazi ya stelingi, muulize fundi kama aliufunga usukani usizunguke alipotenganisha shafti. Usukani ukizungushwa bila shafti, utepe unapita mwisho wake na kukatika. Hata utepe mpya lazima ufungwe ukiwa katikati: unauzungusha taratibu mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha unaurudisha nusu ya raundi zake zote, huku magurudumu yamenyooka. Ukifungwa umepinda, kona kali ya kwanza itaukata.

Jinsi ya kujua kama ni utepe au eabegi? Mimi huchomoa eabegi na kuweka mahali pake kipinga cha majaribio chenye ukinzani uleule, halafu nasoma mashine upya. Msimbo ukiondoka, tatizo liko kwenye eabegi. Ukibaki, liko kwenye utepe, waya au kompyuta, na ninaendelea kurudi nyuma soketi kwa soketi. Kipimo cha omu hakiwekwi moja kwa moja kwenye eabegi hata siku moja. Umeme mdogo wa kipimo hicho unaweza kuifyatua usoni mwako.

Chini ya viti vya mbele kuna soketi, aghalabu za rangi ya manjano, za eabegi za ubavuni, za kikazio cha mkanda na za sensa inayotambua kama kiti kina mtu. Kiti kikisukumwa mbele na nyuma, mzigo ukisokomezwa chini, au gari likioshwa ndani kwa maji mengi, soketi hizo hulegea au hupata kutu. Betri dhaifu nayo huacha misimbo: umeme ukishuka wakati wa kuwasha, kompyuta huandika kwamba volti ni ndogo, na taa inaweza kubaki hata baada ya kufunga betri mpya, mpaka msimbo ufutwe kwa mashine.

Kwa gharama, basi, nafuu kabisa ni kusafisha soketi na kufuta msimbo. Juu yake kuna utepe na sensa za mbele. Vikazio vya mikanda, eabegi na kompyuta ndio mzigo mzito, na gari lililogonga mpaka eabegi zikafunguka huwa linadai vyote hivyo kwa pamoja, kwa sababu eabegi na kikazio hutumika mara moja tu, na kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya ajali isiyofutika kwa njia ya kawaida. Kabla ya kulipa, omba vitu viwili: msimbo uliosomwa, na maelezo ya kipimo kilichothibitisha kwamba ni kipuri hicho na si kingine. Fundi aliyepima hataona ugumu kukueleza.

Eabegi ya mtumba sikushauri. Huwezi kujua kama gari lililoitoa lilizama kwenye maji, wala ilikaa wapi. Za bandia ni hatari zaidi. Oktoba 2012 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kuhusu eabegi bandia baada ya majaribio kuonyesha kwamba baadhi hazikujaa na nyingine zilirusha vipande vya chuma.

Kuna na ule ujanja wa kuficha. Mtu anang'oa balbu ya taa, au anaiunganisha na taa nyingine ili zizimike pamoja, au anaacha kile kipinga cha majaribio ndani ya usukani ili kompyuta idhani eabegi ipo. Kuuza gari namna hiyo ni kumdanganya mtu kuhusu uhai wake. Ukinunua gari lililotumika, fungua swichi bila kuwasha injini, ukodolee macho taa hiyo peke yake: lazima iwake, na lazima izimike kwa wakati wake. Isipowaka kabisa, hilo nalo ni tatizo. Kipinga kilichofichwa hakionekani kwa njia hii, kwa hiyo kama gari lina dalili za kugongwa, kifuniko cha usukani kifunguliwe na fundi.

Wewe mwenyewe unaweza kuangalia betri na kuondoa vitu vilivyojazana chini ya viti. Zaidi ya hapo mwachie anayeijua kazi. Hata betri ikishatolewa, kompyuta ina akiba ya umeme ndani yake ya kufyatua eabegi. Baadhi ya watengenezaji huagiza kusubiri sekunde 90, wengine dakika 3 au zaidi, kwa hiyo kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa.

Jambo moja taa haitakuambia. Eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyoomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017, zilitumia kemikali ya amonia naitreti kutengeneza gesi ya kuijaza eabegi, na nyingi zake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Zikifyatuka, kikopo cha chuma kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Ukinzani wa kiwashio chake ni wa kawaida, kwa hiyo kompyuta huona kila kitu kiko sawa na taa huzimika vizuri. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yameitwa kubadilishiwa, nayo hubadilishwa bure hata kama gari lilipitia mikono mingine kabla yako. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako au mpelekee wakala wake, uulize kama limo kwenye orodha.