Kwa nini ufagio hauingii katika karakana yetu ya ufinyanzi

Karakana ninayoisimamia hapa Kisumu ina magurudumu 4 ya kufinyangia, tanuri 1 la umeme na wafinyanzi 11 wanaoitumia kwa zamu, na karibu kila mwanachama mpya, akimaliza kazi siku yake ya kwanza, huniuliza ufagio umewekwa wapi. Hatuna. Mama mmoja aliyeanza kufinyanga kabla sijazaliwa alinitazama kwa huruma nilipomweleza hivyo, akasema, "Mwalimu, mimi nimefagia tangu utotoni na bado niko." Nilimjibu kwa heshima kwamba yeye alifagia uwanjani.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kanuni zetu zote. Wafinyanzi wa vijijini, wakiwemo wale wa Ilesi ambao vyungu vyao huonekana kando ya barabara ya kwenda Kakamega, kwa kawaida hufinyanga udongo ukiwa mbichi na huchoma vyungu mahali pa wazi, ambapo upepo huchukua vumbi lolote linalotimka. Sisi tumeuhamishia ufinyanzi ndani ya chumba chenye kuta nne na paa la mabati, na humo vumbi lililopandishwa asubuhi huendelea kuvutwa na yule atakayeingia mchana.

Udongo wa mfinyanzi huwa na silika, yaani mchanga laini mno wa madini ya kwarzi, ambayo haina madhara udongo ukiwa na maji lakini huwa hatari ukikauka na kuvunjikavunjika. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, kwa kuwa upana wake haufiki hata mikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, ilhali unywele wa binadamu una takriban mikromita 70. Chembe ya mikromita 1 iliyorushwa hadi kimo cha mtu inaweza kuchukua saa kadhaa kushuka sakafuni hata hewa ikiwa imetulia, na ndiyo sababu mtu anayefagia huona sakafu imetakata wakati uchafu wenyewe uko kichwani pake. Mapafu yakivuta vumbi hilo kwa miaka mingi hupata makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna tiba na ambao humwongezea mgonjwa uwezekano wa kupata kifua kikuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya fuwele, ambayo ndiyo hii ya kwarzi, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Ninayataja haya kwa wanachama mara moja tu, siku ya kwanza, kisha tunashika spanji.

Usafi wetu hufanywa kwa maji kuanzia juu kwenda chini: rafu, meza, magurudumu, halafu sakafu. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la mtu kupiga deki kwa maji yaliyogeuka kuwa uji wa udongo. Sakafu hung'aa ikiwa imelowa, lakini ikikauka utando wote ule unakuwa vumbi jipya, tena limetandazwa sawasawa chumba kizima. Kwa hiyo tunapiga deki mara mbili, ya kwanza kwa maji yaliyokwisha kutumika na kutulia, ya pili kwa maji safi, huku tambara likisuuzwa katika ndoo ya pembeni badala ya kurudishwa katika ndoo ile ile. Mifereji inapokauka, jambo ambalo mkazi yeyote wa Kisumu analifahamu, mpango huu huniwezesha kuokoa karibu nusu ya maji safi bila kuiacha sakafu na utando.

Maji yaliyokwisha kutumika tunayapata kwenye ndoo 3 zilizopangwa kando ya sinki, kwa sababu hakuna mkono wala chombo chenye udongo kinachooshwa moja kwa moja chini ya mfereji. Ndoo ya kwanza hupokea tope zito, ya pili mabaki, ya tatu ni ya kusuuza. Zikiachwa usiku kucha udongo huzama, asubuhi maji ya juu yanachotwa polepole kwa kikombe, na tope la chini linarudi kwenye pipa la udongo wa kufinyangwa upya. Fundi bomba aliyelifungua bomba letu mwaka wa kwanza, kabla ya ndoo hizi, alitoa mchi wa udongo mgumu wenye urefu wa mkono wangu, na bei aliyonitoza bado naikumbuka.

Pipa hilo nalo lina ulinzi wake. Plasta, ule unga mweupe wa jasi wa kutengenezea kalibu za kuupa udongo umbo, haikaribii hapo, kwa kuwa kipande chake chenye ukubwa wa punje ya mtama, kikichomwa ndani ya udongo, baadaye hunyonya unyevu wa hewa, huvimba na kuubandua ukuta wa chombo, na kando ya ziwa kama hapa unyevu haukosekani. Tuliwahi kupoteza vikombe vya mteja namna hiyo: vilitoka tanurini vizuri, na majuma matatu baadaye vikaanza kutoa vibanzi, kila shimo likiwa na doa jeupe katikati. Mtu alikuwa amekwangua kalibu juu ya pipa. Tulilimwaga lote.

Udongo mwekundu na mweupe vilevile una ndoo zake na spanji zake. Wengi hudhani nachunga rangi, lakini shida kubwa ni moto, kwani udongo mwekundu unaoiva kwenye nyuzi 1,000 hivi unaweza kuyeyuka na kugandamana na kibao cha tanuri ukiingizwa kwa bahati mbaya kwenye moto wa nyuzi 1,240. Glezi, yaani ule unga unaogeuka kioo juu ya chombo, huchanganywa nje kwa barakoa ya N95, unga ukitiwa ndani ya maji wala si maji juu ya unga. Mabaki yake yenye shaba, manganizi au kobalti hukusanywa katika ndoo yenye kifuniko, kwa sababu sitaki kuyapeleka ziwani kupitia mtaro wa mtaa.

Kulainisha chombo kikavu kwa msasa ndani ya chumba ni marufuku. Spanji yenye maji hufanya kazi hiyo vizuri, ingawa kwa subira zaidi. Turubai tulizokuwa tumezitandika mezani niliziondoa, maana kila zikipigwa na donge la udongo zilikuwa zikipumua vumbi. Aproni hulowekwa hapa hapa, wala hazikung'utwi mlangoni au kupelekwa nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto. Feni ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa kuliko yote, hasa joto la Januari na Februari likifika, mpaka tukakubaliana ikae dirishani ikitazama nje, ivute hewa ya chumba na kuitoa. Haipozi kama walivyotaka.

Anayefunga karakana jioni huandika jina lake ubaoni. Mimi hufika mapema, na kabla sijawasha taa napitisha kiganja juu ya meza nyeusi iliyo karibu na tanuri. Kikirudi cheupe, ninalisoma lile jina na kupiga simu.