"Ngoja kwanza nipate pumzi"

Ratiba mpya ya vipindi vya mazoezi ya vyuma na kujivuta ikishabandikwa, jibu linalorudi ni lile lile: "Nimeiona, kocha, na nimeipenda. Ngoja kwanza nipate pumzi. Nikimbiekimbie mwezi mmoja hivi, halafu ndiyo nije." Husemwa kwa unyenyekevu mkubwa, kana kwamba mtu anatakiwa apone kwanza ndipo aende hospitali. Mwezi unapita, wa pili unapita, na anayerudi hurudi akichechemea, ugoko unamuuma. Basi jibu la hilo, na la dhana nyingine potofu, na liandikwe, anayepokea wageni apate cha kuwaonyesha kwa kidole.

Dhana: mazoezi haya ni ya watu ambao tayari wako fiti

Kosa linaanzia ubaoni. Mgeni anachungulia, anaona kazi ya siku imeandikwa kwa chaki, uzito wake na idadi yake, anadhani ndicho kiingilio. Sicho. Kilichoandikwa ubaoni ni dari. Sakafu iko chini sana, na kazi ya kocha ni kumtafutia kila mtu ngazi yake kati ya hapo na pale.

Chukua Fran, zoezi la CrossFit (mtindo wa mazoezi makali unaochanganya vyuma na uzito wa mwili) ambalo hata wasiofanya wamelisikia. Unachuchumaa na chuma mabegani, unainuka na kukisukuma juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, mara 21. Halafu unajivuta kwenye bomba la juu mara 21. Kisha 15 na 15, kisha 9 na 9. Chuma cha wanaume ni kilo 43, cha wanawake kama kilo 30. Zoezi hili limekusudiwa liwe fupi na kali: aliyezoea hulimaliza chini ya dakika 5. Mgeni akilazimisha kilo 43 atachukua dakika 20, na nyingi kati ya hizo atakuwa amesimama mikono kiunoni akikiangalia chuma. Hapo hajafanya Fran. Amefanya zoezi jingine kabisa, la kunyanyua kizito na kupumzika sana, tena kwa mgongo uliochoka.

Mgeni huyo huyo ukimpa chuma kitupu cha kilo 15, au dambeli mbili za kilo 5, kujivuta kwake kukawa kwa pete za kuning'inia huku miguu iko chini, na idadi ikashuka hadi 12, 9 na 6, atamaliza ndani ya dakika 6 hadi 8 akihema kama aliyefanya la ubaoni. Kipimo ni rahisi: uzito sahihi ni ule utakaouinua raundi nzima ya kwanza bila kukiweka chuma chini, au ukakiweka mara moja tu. Ukikiweka mara tatu, ondoa sahani, yale magurudumu ya uzito ya pembeni. Tunashusha uzito kwanza, kisha idadi, na umbo la zoezi mwisho kabisa, kwa sababu umbo ndilo mtu alilokuja kujifunza.

Ngazi zenyewe ziko wazi, na kila moja ina alama ya kuiacha.

Kujivuta: pete zikiwa usawa wa kifua, egemea nyuma mwili ukiwa umenyooka, kama nyuzi 45. Vuta hadi gumba liguse mbavu. Ukitoa seti 3 za mara 10 bila kiuno kulegea, sogeza miguu mbele hatua moja. Kadiri mwili unavyolala ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Ukishakaribia kulala sambamba na sakafu, nenda kwenye bomba: ruka hadi kidevu kipite, kisha shuka kwa sekunde 5. Mara 3 hadi 5 tu, siku 2 kwa wiki. Zaidi ya hapo unajitafutia shida, na sababu inakuja. Zile raba za kufunga kwenye bomba hatuzipendi, na tutaendelea kutozipenda. Raba humbeba mtu zaidi akiwa chini, palepale alipo dhaifu, kwa hiyo akiivua anakuta udhaifu wake umemsubiri.

Pushapu: usipige magoti. Weka mikono kwenye boksi la sentimita 60, mwili unyooke kutoka kichwa hadi kisigino. Ukitoa seti 3 za mara 8, shuka hadi 50, halafu 30, halafu sakafuni. Aliyezoea ya magotini hajifunzi kukaza tumbo na makalio, na siku ya kunyoosha miguu kiuno kinabonyea.

Kuchuchumaa: kaa kwenye boksi lenye sahani zimepangwa juu yake, guza bila kuachia uzito, inuka. Kila wiki ondoa sahani moja. Ikifika siku visigino vinanyanyuka, rudisha moja na ushughulikie vifundo vya miguu.

Sasa hiyo pumzi. Mwili huzoea kile unachofanyishwa. Kukimbia kunakufundisha kukimbia. Hakukufundishi kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, wala hakuandai viganja na mabega. Tena kila hatua ya mbio inaigonga ardhi kwa nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Moyo na mapafu hupata nafuu ndani ya wiki chache, ila mifupa na kano huenda polepole, ndiyo maana ugoko unauma wakati pumzi ndiyo kwanza imeanza kuwa tamu.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtu anayekuja na pumzi nzuri na mikono mibichi ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Asiye na pumzi huishiwa mapema, akasimama, misuli ikasalimika. Mwenye pumzi, na hasa mwanamichezo wa zamani aliyekaa miaka bila mazoezi, anaweza kuendelea kujivuta kupita pale misuli ilipokwisha kusema basi. Kazi ile ya kushuka taratibu, misuli ikirefuka huku imebeba mzigo, ndiyo inayoichana zaidi. Ikizidi sana, misuli huvunjika na kumwaga vilivyomo kwenye damu, figo zikaelemewa. Dalili: mikono imevimba na haikunjuki, maumivu yamepita kiasi, mkojo umekuwa rangi ya chai nzito. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Si ya kukandwa, si ya barafu, wala si ya kulala ukaone kesho.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza ni vipindi 2 vya misingi kwa wiki, na katikati angalau siku moja ya kupumzika. Saa inagawanyika hivi: dakika 10 kupasha mwili, 20 kujifunza zoezi moja tu, 10 hadi 12 za kazi, zilizobaki kupoa na kunyoosha. Siku ya kwanza kabisa kuna bomba la plastiki mgongoni: liguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa makalio, kisha inama kwa nyonga. Likiachia hata sehemu moja, hugusi chuma siku hiyo. Pumzi yenyewe inajengwa humo humo: mashine ya makasia dakika moja, pumzika dakika moja, mara 6, kwa kasi inayokuruhusu kusema sentensi fupi. Ukishindwa kusema umeenda haraka mno. Ukiweza kusimulia umezembea.

Ambaye bado anabisha, aangalie utafiti uliotoka kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 1990. Wazee 10 dhaifu wa makao ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliwekwa kwenye mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu mara 3 kwa wiki, wiki 8. Wiki ya kwanza walibeba nusu ya upeo wa uwezo wao, kisha wakapandishwa hadi asilimia 80. Nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hakuna aliyeambiwa akakimbiekimbie kwanza.

Wapo wanaotakiwa kusubiri kweli: anayebanwa kifua akipanda ngazi, anayezimia, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyetoka kwenye upasuaji, aliyejifungua karibuni. Hao waanzie kwa daktari, na cheti kikisema ndiyo, ngazi zilizotajwa hapo juu zinawatosha. Wengine wote wameshajiandaa tayari.

Dhana: goti lisipite vidole, na ukichuchumaa chini sana unaliharibu

Ushauri huu umesambaa hata kwa watu wasiowahi kushika chuma. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa wanaume 7 waliochuchumaa na chuma chenye uzito sawa na wao. Mara moja goti likiwa huru, mara nyingine ubao umewekwa mbele kulizuia. Ubao ulipunguza mzigo wa kuzungusha kwenye goti kutoka nyutonimita 150 hadi 117. Ila kwenye nyonga mzigo ulipanda kutoka 28 hadi 303, kwa sababu mtu aliyezuiwa goti hulazimika kuinamisha kifua. Yaani umeokoa kidogo kwenye goti, ukalipa mara kumi kwa nyuma.

Mwenye mapaja marefu goti lake litapita vidole, apende asipende. Linaloharibu ni goti kuangukia ndani chini ya mzigo na kushuka kwa kujiachia kama gunia. Goti lifuate uelekeo wa vidole, kisigino kibaki chini, shuka kwa sekunde 2 hadi 3. Vifundo vikikaza, weka sahani nyembamba chini ya visigino kwa muda. Goti linalouma kwa mazoezi hayo halijapewa hukumu ya maisha: pandisha boksi juu kidogo, punguza kilo, urudi polepole.

Dhana: mwanamke akinyanyua vyuma atakuwa na mwili wa kiume

Wanaume wengi wangefurahi ingekuwa rahisi hivyo. Homoni ya testosteroni kwa mwanamume ni zaidi ya mara 10 ya ile ya mwanamke, na hata hao wenye nayo huhangaika miaka kupata misuli ya kuonekana. Chagua chuma cha kilo 15: ni chembamba, milimita 25 badala ya 28 za kile cha kilo 20, kinakaa vizuri kwenye kiganja kidogo.

Dhana: mama wa miaka 60 apewe vidambeli vya kilo moja

Hii inatuudhi kwa sababu hutoka kwa watoto wake wanaomleta. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Australia kwa wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa hafifu. Kundi moja lilinyanyua vizito chini ya usimamizi, seti 5 za mara 5, juu ya asilimia 85 ya upeo wao, dakika 30, mara 2 kwa wiki kwa miezi 8. Kundi jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Msongamano wa mfupa wa uti wa mgongo wa chini ulipanda asilimia 2.9 kwa wa kwanza, ukashuka asilimia 1.2 kwa wa pili. Mfupa hauna habari na kilo moja. Angalizo ni usimamizi: miezi ya mwanzo ni ya kujifunza umbo, na kilo 2.5 huongezwa tu pale seti 3 za mara 5 zinapotoka safi.

Dhana: kama hujaumia kesho yake, hukufanya kitu

Maumivu yanayofika kilele kati ya saa 24 na 72 yanaonyesha ugeni wa kazi, si ubora wake. Aliyezoea anaongeza nguvu bila kuumia. Jasho nalo linapima joto la chumba.

Dhana: dakika 4 za Tabata zinatosha

Izumi Tabata, mwanasayansi wa Japani, alichapisha kazi yake mwaka 1996. Wahusika walikuwa vijana wenye mazoezi, juu ya baiskeli ya maabara, sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika, raundi 7 au 8, kwa nguvu ya asilimia 170 ya kiwango cha juu cha mwili kutumia oksijeni. Walifika mwisho wakiwa hawawezi kuendelea. Kile kipindi cha jioni chenye saa ya 20 kwa 10 ni kizuri, kihudhurie, lakini ukiweza kurudia raundi nane nyingine mara tu ya kumaliza, umefanya kazi nyingine yenye jina hilo.

Dhana: kukunja tumbo mara 200 kunaondoa kitambi

Mafuta hayatoki mahali unapopasugua. Hapana.

Dhana: glavu huokoa viganja

Glavu huongeza unene wa bomba, mkono ukashika vibaya na ngozi ikakunjika ndani yake. Shika bomba chini ya vidole badala ya katikati ya kiganja, chaki kidogo tu, na usugue sugu kwa jiwe baada ya kuoga mpaka iwe sawa na ngozi nyingine. Inayochanika ni ile iliyoachwa ikasimama. Ikichanika, osha kwa maji na sabuni, funika, na kaa mbali na bomba hadi ifunge. Miguu haijachanika, kwa hiyo kipindi cha kuchuchumaa hakijafutwa.