Pichi si unene wa bolti

Juzi tena, hapa Kigoma, kijana wa boti za dagaa kaleta bamba la chuma karakanani: "Shikamoo fundi, naomba unikatie uzi wa pichi nane." Alichotaka ni tundu la bolti ya M8. Simlaumu, hata mafundi waliozeekea kazini wanasema hivyo.

Pichi ni umbali kutoka kilele cha jino moja la uzi hadi kilele cha jino linalofuata. M8 ya kawaida ina pichi ya milimita 1.25. Hiyo nane ni unene wa bolti kwa milimita. Na ile 8.8 iliyogongwa kichwani pia si pichi, ni daraja la uimara wake.

Linaloniuma ni kwamba neno hili tumelitoa kwenye Kiingereza tukaliacha la kwetu lililokuwa linaonyesha jambo lenyewe. Kiswahili kina hesi, yaani huo uzi, ule mkato unaozunguka mwili wa msumari, ndiyo maana skrubu ikaitwa msumari wa hesi. Ukishaiona hesi, pichi ni hatua yake tu. Zungusha bolti duru moja kamili ndani ya nati: imepiga hatua moja, milimita 1.25. Neno hatua haliwezi kumchanganya mtu na unene. Pichi linamchanganya kila siku.

Kwenye mashine yetu ya milingi, ya kuchonga chuma, ya mkono zamani, sasa imefungwa mota na kompyuta, hatua hiyo ndiyo uhai wa tapu, kile kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu. Spindeli, yaani mhimili unaoizungusha tapu, ikizunguka mara 200 kwa dakika, tapu ya M8 lazima ishuke milimita 250 kwa dakika: 200 mara 1.25. Yetu haina kihisi cha kuiambia kompyuta spindeli imefika wapi, kwa hiyo tapu tunaifunga kwenye kishikio chenye springi, kinachomeza tofauti ndogo spindeli inapopunguza mwendo ili igeuke kurudi. Tofauti ndogo tu. Mtu akiandika 8 mahali pa pichi, mashine itashuka kwa mwendo wa 1,600, na hakuna springi itakayoiokoa. Nimewahi kukitazama kipande cha tapu kikimetameta ndani ya tundu, kimekatika chini ya uso wa chuma. Biti ya kawaida ya kutobolea haikikwaruzi hata kidogo.

Hata unene wa biti ya kutobolea tundu kabla ya tapu unategemea pichi: 8 toa 1.25, unapata 6.75, tunatumia ya 6.8.

Yule kijana nilimpa rula. Tulipima bolti yake pamoja, kutoka kilele cha kwanza hadi cha kumi na moja, hatua kumi: milimita 12 na nusu. Basi mdogo wangu, ukija tena sema "M8, pichi 1.25". Usipoijua, njoo na bolti yenyewe, tutapima.