Cheche Inayoonekana Nje ya Silinda Haithibitishi Uzima wa Koili

Wiki hii nimeletewa tena gari linalomisi (silinda moja au zaidi hukosa kuwaka) linapopanda mlima, likifuatana na maelezo ninayoyasikia kila mara: plagi (zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda) zilichomolewa, zikalazwa juu ya injini, starta ikapigwa, zote zikatoa moto, kwa hiyo koili, kifaa kinachopandisha volti za betri ili plagi itoe cheche, ni nzima na kosa liko kwenye pampu ya petroli. Pampu ilikuwa imekwisha badilishwa, na gari lilikuwa bado linamisi.

Naomba jambo hili lieleweke. Ugumu wa umeme kuruka mwanya wa plagi hutegemea sana jinsi hewa iliyomo kwenye mwanya huo ilivyobanwa. Katika hewa ya kawaida ya nje, mwanya wa milimita 1 huvukwa kwa volti elfu chache tu, ambazo hata koili iliyochoka huzimudu. Ndani ya silinda, pistoni inapokaribia juu, hewa hubanwa mara kadhaa na volti zinazohitajika hupanda pamoja nayo. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa nyingi zaidi huingia, na koili hudaiwa volti ambazo haina, au inazo lakini zinavujia kwingine. Ndiyo sababu gari hilohilo hutulia kabisa likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu.

Katika gari hili zilikuwa zinavuja. Kauri nyeupe ya plagi ya silinda ya 3 ilikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, ulioshuka kutoka juu hadi kwenye chuma, na ndani ya mpira wa koili unaofunika kichwa cha plagi palikuwa na mstari pacha wake. Umeme ulikuwa ukipita hapo kwenda kwenye bodi ya injini badala ya kuruka mwanya. Anayebadilisha plagi peke yake akauacha mpira ule atauona mstari huohuo ukijichora kwenye plagi mpya.

Mita ya kupimia umeme nayo isiaminiwe kupita kiasi. Hupima ukinzani kwa volti chache za betri yake, ilhali kihami cha koili (kinachozuia umeme usivuje) huachia kwa maelfu ya volti, mara nyingi injini ikiwa imepata joto. Ninachotumia ni kifaa cha kupimia cheche chenye mwanya unaorekebishika, ambao huupanua kupita ule wa plagi ili koili ilazimike kujikaza. Ikiwa silinda zote hazina moto, hayo ni mambo mengine: anza na fyuzi, betri na sensa ya kranki (inayotambua mzunguko wa injini).

Kwa magari yenye koili moja kwa kila silinda, mimi huhamisha koili kutoka silinda inayomisi kwenda nyingine na kutazama kama kosa litaifuata. Kipimo hiki nacho kimewahi kunipotosha, kwa sababu kule kuchomoa na kurudisha kiunganishi husugua kutu kwenye pini, hitilafu ikatoweka papo hapo, nami nikabaki sijui kama koili ilikuwa mbovu. Siku hizi yakinifika hayo humweleza mwenye gari waziwazi kwamba sijathibitisha kitu, huiwekea koili alama ya silinda ilikotoka, na humsihi asinunue kifaa chochote mpaka gari limisi tena.