George R. Sims: machozi yenye sheria ndani yake

Kila ninapofundisha ushairi wa Uingereza wa enzi za Malkia Victoria, kuna jina linalochekwa: George R. Sims. Wanasema kazi yake ni kuliza watu. Kuliza analiza kweli, ila anayeishia kwenye machozi amemsoma nusu.

Sims (1847–1922) alikuwa mwandishi wa habari jijini London. Katika gazeti la The Referee alijiita Dagonet, na humo ndimo lilimotoka, mwaka 1877, shairi lake la Krismasi katika nyumba ya maskini (workhouse), yaani makao ya umma walimopokewa na kulishwa wasiojiweza. Vina vinaangukia mistari ya pili na ya nne, mahadhi ni mepesi. Mtu alilihifadhi upesi akalighani sebuleni au ukumbini. Ukilisoma kimyakimya linapwaya kidogo.

Tazama beti za mwanzo. Wasimamizi wa nyumba na wake zao wamekuja na makoti ya manyoya kuwatazama maskini wakila. Wamejifanya wenye karamu. Kisha, mwisho wa ubeti, Sims anachomeka maneno machache: pudingi hiyo wameilipia kwa kodi za wakazi. Kwangu mimi, hapo pana sumu kuliko vilio vyote vinavyofuata.

Ndipo anasimama mzee John, mmoja wa maskini hao. Krismasi iliyopita alikuja hapohapo kumwombea mkewe Nance mkate, akaambiwa hakuna chakula cha kupeleka nyumbani. Wakitaka, waingie ndani. Msomaji wa siku zile alielewa mara moja. Chini ya Sheria ya Maskini ya 1834, mume na mke wakipokewa katika nyumba hiyo walitenganishwa. Nance akakataa: njaa ataivumilia, kutengana hapana. Akafa. Hapa mwandishi wa habari ameuchukua utaratibu wa ofisi, akautia vina.

Miaka michache baadaye alirudi kwenye nathari. Mwaka 1883 alizunguka vichochoro vya London na mchoraji Frederick Barnard, akaandika makala za How the Poor Live, kuhusu familia nzima zilizobanana katika chumba kimoja. Mwenyewe wala hakuwa fukara. Tamthilia yake The Lights o' London ya 1881 ilimwingizia fedha nyingi.

Kampeni yake nyingine kubwa ilikuwa ya Adolf Beck, aliyefungwa mwaka 1896 kwa makosa ya mtu mwingine, akatiwa hatiani tena mwaka 1904. Sims alimpigania kwenye gazeti la Daily Mail. Beck alisamehewa, na kelele za kesi hiyo zilichangia kuundwa kwa Mahakama ya Rufaa ya Jinai mwaka 1907.