Dallas Buyers Club na maneno ya barazani Mtwara

Filamu hii ya Kimarekani ya mwaka 2013, inayohusu mgonjwa wa UKIMWI, bado inapita kwenye simu na flashi huku Mtwara, na kila watu wakishaitazama maneno ni yale yale. Mengine ni ya kupuuza tu. Mengine yanaua.

“Si umeona mwenyewe, ARV ni sumu!”

Hili ndilo baya kuliko yote, na filamu yenyewe imelichangia. Ron Woodroof, fundi umeme wa Dallas, anaambiwa ana UKIMWI na amebakiza siku 30, anaachana na AZT, ARV ya wakati ule, na kuanza kuvusha dawa za magendo kutoka Mexico. Mtazamaji anaondoka na jibu jepesi: wa dawa za hospitali wamekufa, aliyezikataa kaishi.

Ukweli ni kwamba AZT, iliyoidhinishwa Marekani Machi 1987, ilijaribiwa kwa dozi kubwa mno: miligramu 1,500 kwa siku, unameza kila baada ya saa 4, hata usiku wa manane. Wagonjwa waliishiwa damu, na kwa kuwa dawa ilikuwa peke yake, virusi viliizoea. Mwaka 1990 dozi ikashushwa hadi 600. Kuanzia 1996 dawa zikatolewa tatu kwa pamoja, na hapo vifo vikaporomoka. Serikali yetu ilipoanza kutoa ARV bure, kuanzia 2004, AZT hiyo hiyo kwa dozi ndogo ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumika. Wapo walioimeza wakati ule na msimu huu wanaokota korosho. Siku hizi wengi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku, kina dawa 3 ndani, na AZT haimo.

“Alipona kwa dawa zake mwenyewe.” Hakupona. Woodroof alifariki Septemba 1992, na ile Peptide T, mojawapo ya dawa alizozipigania, haijawahi kuthibitishwa kuwa inatibu. Muuza mizizi sokoni hilo hakwambii.

“Yote yalitokea kweli.” Rayon, mshirika wa Woodroof kwenye filamu, na daktari Eve Saks wametungwa.

“Mgonjwa utamjua kwa kukonda.” Matthew McConaughey, aliyeigiza kama Woodroof, alijikondesha zaidi ya kilo 20 kwa makusudi, akapata tuzo ya Oscar. Mtaani hakuna Oscar, kuna umbea. Ndiyo maana wapo wanaotia pamba ndani ya kopo la vidonge ili lisilie wakiwa kwenye bajaji. Wakati huohuo mtu anayemeza dawa vizuri, virusi vikafubaa hadi kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Huyo aliyenona na hajapima ndiye wa kuulizwa.

“Ni ugonjwa wa mashoga wa Marekani.” Woodroof wa kwenye filamu naye alianza na kiburi hicho. Wagonjwa wa kwanza kujulikana Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983, na hapa nchini maambukizi mengi yanapitia ngono ya mwanamume na mwanamke, wakiwemo waliofunga ndoa.