Ndama anapohara: tunayoyaamini kuhusu rota, na ukweli wake

"Maziwa yamemzidi." Hilo ndilo jibu la kwanza utakalolisikia, iwe Bombo, Luweero au Kiruhura hapa Uganda, ndama wa wiki moja anapoanza kuhara kinyesi chepesi, cheupe au cha manjano. Basi huzuiwa maziwa siku mbili tatu mpaka atengemae. Wengi hawatengemai, na nasema waziwazi kwamba njaa ile huwamaliza ndama ambao wangepona.

Kwa ndama wa kati ya siku tano na wiki tatu, mshukiwa mkubwa ni kirusi cha rota. Hushambulia chembe zinazofyonza chakula kwenye utumbo mdogo. Chembe hizo zikifa, maziwa hupita bila kufyonzwa, na ndiyo sababu kinyesi huwa cheupe. Maziwa hayakuleta ugonjwa. Yamekosa pa kuingilia tu. Kinachomuua ndama ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo aendelee kupewa maziwa kidogo kidogo, na katikati ya nyakati za maziwa anyweshwe maji ya chumvichumvi, yale ya unga unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo: kama lita mbili kwa mara, mara mbili au tatu kwa siku. Macho yakizama, au akishindwa kusimama na kunyonya, muite daktari wa mifugo amtundikie dripu upesi.

"Basi sindano ya tetra itamaliza kazi." Haitamaliza, kwa sababu tetra ni antibiotiki, nayo haiui kirusi. Daktari anaweza kuiandika akiona homa, au akishuku bakteria, hasa kwa ndama wa siku moja hadi nne, ambao mara nyingi huharishwa na E. koli. Kumchoma kila ndama anayehara ni kupoteza pesa na kuwafundisha bakteria kuizoea dawa.

Sasa lile ambalo wafugaji wengi hawajaelezwa. Tunadhani rota ni moja: ndama akishaugua, au mama yake akishachanjwa, mambo yamekwisha. Sivyo. Vinasaba vya rota havikai katika uzi mmoja. Vimegawanyika vipande 11. Ndama mmoja akipata aina mbili kwa pamoja, jambo rahisi pale ndama wengi wanapobanana zizini, virusi vipya vinavyoundwa ndani ya chembe moja huokota vipande huku na huku, kama karata za watu wawili zilizochanganywa. Kwa hesabu tupu, aina mbili zinaweza kutoa michanganyiko 2,048, ingawa mingi haidumu. Zaidi ya hayo, kirusi kinapojinakili hukosea hapa na pale, na hakina namna ya kusahihisha makosa yake. Mabadiliko hayo hayahitaji dawa wala chanjo ili yatokee.

Wataalamu huzitenga aina hizo kwa protini mbili za gamba la nje, zinazopewa herufi G na P. Kwa ng'ombe duniani, zinazoonekana zaidi ni G6, G8 na G10, pamoja na P[1], P[5] na P[11]. Kingamwili nyingi hulenga protini hizo hizo, kwa hiyo ndama aliyepona G6 anaweza kuugua tena kwa G10. Hata chanjo anayopewa ng'ombe mwenye mimba hufanya kazi vizuri zaidi inapofanana na kirusi kilichomo zizini mwako.

Wengine wakisikia hivyo huruka upande wa pili: kama kinabadilika namna hii, kujikinga ni kazi bure. Hapo nakataa kabisa. Kinga ya aina moja husaidia kwa kiasi dhidi ya nyingine. Chanjo ya watoto iliyotengenezwa kwa aina moja tu, G1P[8], hupunguza kuhara kukali kunakoletwa na aina nyinginezo pia. Na dang'a la mama, yaani maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, hubeba kingamwili za aina alizowahi kukutana nazo zizini. Wapo wanaolikamua na kulimwaga wakiona ni uchafu; inauma kuona hivyo. Ndama apewe dang'a la kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita mbili na nusu kwa ndama wa kilo 25, na aanze ndani ya saa chache za mwanzo, kwa sababu baada ya saa 24 utumbo hauruhusu tena kingamwili kupita kwenda kwenye damu. Lakini usiache hapo. Rota hukaa kwenye utumbo, na kingamwili zilizomo kwenye maziwa hupambana nayo papo hapo. Dang'a la ziada ukiliweka mahali pa baridi na kumwongezea kidogo kila siku kwa wiki mbili, unamlinda katika umri wa hatari.

Kwamba ndama wa Ankole hawashikwi? Hushikwa. Kirusi hakichagui mbari, na ng'ombe mzima anaweza kukitoa kwenye kinyesi bila dalili yoyote. Hudumu miezi kwenye uchafu wa zizi, na klorini ikikutana na mavi huishiwa nguvu: zoa na osha kwanza, dawa ifuate.

"Rota ya ng'ombe haimhusu mtu." Mara nyingi rota ya ng'ombe hubaki kwa ng'ombe, lakini vipande vyake huvuka. Nchini India kilipatikana kwa watoto wachanga kirusi chenye kipande cha rota ya ng'ombe, na kutokana nacho ikatengenezwa chanjo ya watoto. Malawi nayo iliwahi kuwa na watoto wengi wenye G8, aina ya ng'ombe. Uganda inawachanja watoto dhidi ya rota tangu 2018. Wapelekwe, na anayelisha ndama anawe mikono kwa sabuni.

Kumbuka pia kwamba rangi ya kinyesi haitambulishi aina. Kipimo cha haraka kitakuambia rota ipo au haipo. G na P huonekana maabara tu. Ndama kadhaa wakihara, mwombe daktari achukue kinyesi siku ya kwanza, kabla ya dawa, kiwekwe kwenye kichupa safi, kipoozwe kwa barafu na kupelekwa Entebbe, kwenye kituo cha taifa cha kuchunguza maradhi ya mifugo, au chuo cha mifugo cha Makerere, kikiwa na maandishi ya umri wa ndama na chanjo aliyopewa mama.